Mama Pua na Maua ya Mnukato

Wenyeji wa mtaa ule walikuwa na utani wao: ukitaka kujua jirani anapika nini, usichungulie dirishani, kamuulize Mama Pua. Jina hilo alilipata tangu msichana, siku alipomwambia mwalimu darasani kwamba kuna waya unaungua mahali. Mwalimu akamwambia afunge mdomo aandike. Alikuwa bado anaandika moshi ulipoanza kufuka kutoka ofisini. Kuanzia hapo akawa Pua, na alipoolewa na kuzaa jina likapandishwa cheo tu, akawa Mama Pua. Hakulichukia. Kuna watu wamepewa majina mabaya zaidi kwa mambo madogo zaidi.

Aliishi na mumewe, fundi cherehani ambaye kila mtu, mkewe akiwemo, alimwita Fundi, pamoja na binti yao wa mwisho waliyemwita Kitinda. Nyumba yao ilikuwa pale lami ilipokwisha na kilima kuanza. Zamani kilima chote kilikuwa msitu, wenye ukungu usiokauka mpaka adhuhuri. Msitu huo ulikuwa umerudi nyuma mwaka hadi mwaka, ukaacha visiki na mashamba, na sasa ulibaki juu kule, kwenye mabonde ya vijito. Ila nyuma ya nyumba ya Fundi ulisimama mti mmoja wa huko huko msituni, mnukato, ambao baba yake Mama Pua aliuleta ukiwa mche ndani ya kopo la rangi mwaka binti yake alipoolewa.

Mnukato hauna haraka. Huu wa kwao ulikaa miaka bila kutoa hata ua moja, hata Fundi akaanza kusema mkwewe alimletea mti wa kuni. Kisha msimu mmoja wa mvua ukafunguka. Maua yake ni meupe yenye umanjano kwa mbali, manene kama yamechongwa kwa nta, na harufu yake huingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Baada ya maua huja matunda yenye ganda gumu la kahawia. Ukiyapasua unakuta nyama ya rangi ya chungwa, kali na tamu kwa pamoja, iliyong'ang'ania mbegu kiasi kwamba mtu mzima na heshima zake hujikuta akinyonya vidole mbele ya wakwe.

Matunda Mama Pua alitengenezea jemu, lakini kazi yake hasa ilikuwa maua. Alfajiri alitandika mashuka ya zamani chini ya mti, akaokota yaliyodondoka, akayaweka kwenye mafuta ya nazi na kuyapasha polepole juu ya makaa, katika banda la mabati nyuma ya jiko. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, na yote ilikuwa kazi ya pua. Kwanza mafuta hunukia majani mabichi. Halafu hutulia, kama hayanukii kitu kabisa. Halafu, ghafla, inapanda harufu ya ua lenyewe, lakini nzito zaidi, kama ua lililokua likawa mtu mzima. Hapo ndipo sufuria huepuliwa. Ukichelewa kidogo, yameungua, na hata uyamwagie nini hayarudi. Wanawake walikuja kutoka mitaa ya mbali kuchukua chupa za mafuta ya Mama Pua. Maharusi walipakwa. Watoto wachanga walipakwa. Msusi wa barabarani alisema wateja wake wengine hukalia kiti chake si kwa ajili ya nywele bali kwa ajili ya kusuguliwa kichwa na mafuta yale.

Mwaka mambo yalipoharibika, mafua yalipita mtaani kama mgeni asiye na haya, nyumba hadi nyumba. Fundi aliugua, akakohoa juu ya suruali za watu, akapona. Kitinda akaugua, akapona. Mama Pua aliugua mwisho na kwa uzito zaidi. Alilala, homa ikamchezea, viungo vikamuuma, kisha asubuhi moja akaamka mwepesi, akajisikia njaa, akasema moyoni ameshavuka.

Alisimama jikoni akikoroga chai. Maziwa yalikuwa kwenye jiko la pili, pembeni yake. Kitinda aliingia mbio.

"Mama! Maziwa yanaungua!"

Akageuka. Sufuria ilikuwa imekauka, moshi wa kahawia ukipanda mpaka darini, naye alikuwa amesimama karibu nao kuliko mtu yeyote.

"Nilikuwa mbali kimawazo," alisema, akafungua dirisha.

Alijiambia ni mafua, pua imeziba. Lakini pua haikuwa imeziba. Hewa ilipita vizuri, baridi na safi, na haikubeba chochote. Alinusa sabuni ya kufulia. Akanusa kitunguu alichokikata, macho yakamtoka machozi kama kawaida, lakini kitunguu chenyewe hakikuwepo. Akaenda chumbani akachukua shati la Fundi la jana, akaufukia uso ndani yake. Nguo tu. Kama ya dukani. Alilikunja, akalirudisha kwenye tenga la nguo chafu, na hakumwambia mtu.

Mvua zikaanza. Miaka yote yeye ndiye aliyewatangazia majirani kwamba mnukato uko karibu kufunguka, siku kadhaa kabla ua la kwanza halijaonekana, kwa sababu matumba yake yalikuwa na harufu yake, hafifu, kama ya mvua juu ya jiwe la moto. Safari hii alikuwa anaanika nguo uani jirani alipomwita kupitia uzio.

"Shoga, hongera! Mti umefunguka, mtaa mzima unanukia. Mbona mwaka huu hukutuambia?"

Mama Pua aliinua macho. Matawi yalikuwa meupe juu ya kichwa chake. Maua mengine yalikuwa yamedondokea nguo alizokuwa akianika.

"Nilitaka mjionee wenyewe," alisema, akacheka, na jirani naye akacheka.

Jirani alipoondoka, aliokota ua akalisogeza puani mpaka likamgusa. Hakuna. Akalisaga kati ya vidole. Hakuna. Akalitia mdomoni akatafuna, akapata uchungu wa ulimi peke yake, akatema. Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nguo za maji magotini, na hofu aliyokuwa akiifukuza kwa siku zote zile ikamfikia.

Mtu mwingine angesema. Yeye alipiga moyo konde akawasha makaa. Alidhani kwa miaka yote aliyofanya kazi ile, mikono itajua. Aliangalia povu, akasikiliza mafuta yanavyosema, akatazama maua yanavyogeuka rangi pembeni. Aliepua alipoona inafaa, akachuja, akajaza chupa. Chumbani, cherehani ya Fundi ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Msusi ndiye aliyeleta habari. Alikuja mwenyewe, ameficha chupa ndani ya khanga, akakaa kwenye benchi la bandani bila kuuliza habari za nyumbani.

"Dada, usinielewe vibaya. Haya mafuta safari hii yamekuwaje?"

"Yamekuwaje?"

"Mteja wangu amenisukuma mkono. Amesema nimempaka mabaki ya kikaango." Alifungua kizibo akampa. "Hebu nusa."

Mama Pua alinusa. Alivuta pumzi ndefu, akakunja uso kama mtu anayepima jambo. "Kweli," alisema. "Hizo zilichanganyika kimakosa. Nitakubadilishia."

Jioni alimkuta Fundi akipiga pasi mkono wa koti. Alisimama mlangoni.

"Ulisikia harufu ya mafuta yakiungua?"

Fundi aliweka pasi wima. "Nilisikia."

"Na hukusema."

"Nani amwambie Mama Pua kitu kinaungua? Nilidhani umeamua iwe hivyo. Nilidhani umekasirika na jambo."

"Sisikii harufu, Fundi."

Fundi alicheka. Hakukusudia ubaya, ni kama mtu aambiwe mto umesahau kuteremka. "Wewe? Wewe usisikie harufu?" Kisha akamwona uso, na kicheko kikamfia mdomoni. Alikuja akamshika mabega. Naye, kwa mazoea ya maisha yao yote, aliegemeza pua shingoni kwa mumewe, mahali penye jasho na chaki na mafuta ya cherehani, na hapakuwa na mtu pale.

Wakaenda hospitali. Daktari alimmulika puani, akamfunga macho akampa vitu vya kunusa kimoja kimoja: kahawa, sabuni, ganda la limau. Alikisia vyote, akakosa vyote. Daktari alikuwa kijana mpole, hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema homa imechoma mishipa midogo inayopeleka harufu kichwani. Wapo ambao mishipa yao huota tena.

"Na wapo ambao?" aliuliza Fundi.

"Wapo ambao haioti. Tungoje."

Wakangoja. Mama Pua alijifukiza kwa majani, akavuta pilipili mpaka akatokwa damu, akaombewa, akameza alichoambiwa ameze. Majirani walimpa pole za juu juu, maana nani alie kwa sababu ya pua? Mtu akikatwa mguu unamletea mkongojo. Wengine waliona hata ni jambo la kuchekesha. "Angalau sasa utapita karibu na mtaro bila shida," shemeji yake alimwambia, naye Mama Pua alitabasamu kwa adabu.

Msimu uliofuata alimkalisha Kitinda bandani. Binti alikuwa ameshamaliza shule, ana mikono mizuri na maneno machache, na mama aliamua kwamba kama hana pua ataazima ya mwanawe.

"Sasa inanukiaje?"

"Inanukia vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Kama maua, mama."

"Maua mabichi, au yaliyotulia?"

Kitinda aliinama juu ya sufuria, akafunga macho. Alijitahidi, hilo lazima lisemwe. "Sijui. Yananukia tu. Mama, kwani wewe ulikuwa unasikia nini?"

Mama Pua alifungua kinywa kumwambia, akakuta hana maneno. Hakuwahi kuyahitaji. Mama yake hakumwambia kitu, walisimama tu wawili, wakanusa, na mama akasema "hapa," naye akajua ni hapa. Sasa alitaka kuielezea harufu ile na hata kuikumbuka hakuweza vizuri. Alikumbuka kwamba ilikuwa nzuri. Alikumbuka alivyofurahi. Yenyewe ilikuwa imeondoka kama uso wa mtu aliyekufa zamani bila kupigwa picha.

Sufuria ya kwanza iliungua, ya pili ikaepuliwa mapema ikachacha. Mama alifoka, binti akanuna. Ya tatu Kitinda aliomba aipike peke yake, akafunga mlango wa banda. Alipotoka alimpelekea baba yake tone kwenye kiganja. Mama Pua alisimama akimtazama mumewe usoni kama mtu anayesubiri hukumu.

Fundi alinusa. Akainua macho kwa mkewe. "Ndiyo," alisema. "Ni yenyewe."

Siku ile ilikuwa furaha. Mama Pua alimkumbatia binti yake mpaka akamkosesha pumzi. Chupa zikatoka tena, wanawake wakarudi, msusi akaleta wateja wapya. Mama Pua aliokota maua, akachuja, akaosha chupa, akamwachia Kitinda kupika, akamsifia kwa kila aliyepita. Alianza kuamini kwamba hilo linamtosha: kitu kipo, hata kama yeye hakisikii.

Msusi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anamsuka Mama Pua mwenyewe, wanapiga soga, akasema, "Mwanao amewashinda wote, dada. Ya zamani yalikuwa mazuri, lakini haya ya sasa ni kama ya dukani kabisa. Ukijipaka asubuhi, jioni bado yapo."

Mafuta ya mnukato hayakai mpaka jioni. Hayajawahi kukaa. Mama yake alikuwa akisema yanaaga mapema kama mgeni mwenye adabu.

Hakumaliza kusukwa. Alirudi nyumbani nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimetimka, akaingia bandani. Kitinda alikuwa anasugua sufuria. Aliona kichwa cha mama yake, akataka kucheka, akaacha.

"Unatia nini?"

Binti hakubisha. Alikausha mikono, akatoa nyuma ya gunia la makaa kichupa cha kioo cheusi chenye maandishi ya kiwandani. "Matone machache tu. Mama, sikuweza. Nilijaribu kweli, nisingeweza kamwe, na wewe ulikuwa unaniangalia vile."

"Na maua ninayookota alfajiri?"

"Nayachemsha. Kisha nayamwaga." Alianza kulia. "Hakuna aliyejua tofauti. Hata mmoja."

Huenda angevumilia kudanganywa, lakini neno lile la mwisho lilimwingia mfupani. Maisha yake yote alikuwa amesimama juu ya sufuria akisubiri dakika moja, na maharusi, na mama wa watoto wachanga, na wale waliokuja kutoka mitaa ya mbali, hakuna aliyekuwa akiisikia.

Alimfuata Fundi chumbani. "Na wewe hukujua?"

Fundi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Nilijua palepale."

"Ukasema ni yenyewe."

"Ningesema siyo ili iweje?" Hakumtazama. "Ulikuwa umesimama pale, mke wangu. Ungejiona ulivyokuwa umesimama."

Hakukuwa na ugomvi nyumbani, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Kitinda aliendelea na biashara yake, sasa waziwazi, akaacha hata kuchemsha maua. Yalidondoka chini ya mti yakafanya utelezi, yakafagiliwa na takataka.

Halafu harufu ikarudi. Ilirudi asubuhi moja, hewa ikawa na kitu ndani yake, na Mama Pua aliruka kitandani akamtikisa mumewe, "Nasikia! Fundi, nasikia!" Alikimbilia jikoni akafungua kopo la kahawa, akalitupa. Lilitoa uvundo wa mpira unaochomwa. Mkate ulinuka hivyo hivyo. Maji ya moto, sabuni, vitunguu, vyote vilinuka mpira na kitu kilichooza chini yake. Fundi alimfuata, na alipomkaribia kumpangusa uso, naye alinuka vile vile, mkewe akatapikia kwenye sinki.

Daktari yule yule aliandika kitu, akasema mishipa imejaribu kuota na imeota vibaya, imeunganika pasipo pake. Mara nyingine hujinyoosha. Safari hii hakusema wangoje. Fundi naye hakuuliza.

Haikujinyoosha. Alijifunza kula vitu vya baridi, wali uliopoa, viazi vilivyolala. Alikonda. Alihamia chumba cha Kitinda, kisha kwa sababu ya mafuta ya Kitinda, akahamia sebuleni. Fundi alioga mara nyingi kwa siku, kwa maji matupu, mpaka ngozi ikampauka, na bado alipopita karibu mkewe alishika pumzi. Alijitahidi asionekane. Fundi aliona. Wakaanza kupishana nyumbani mwao kama wapangaji.

Mvua zilipokaribia, mnukato ukatoa matumba, na kwa mara ya kwanza tangu augue Mama Pua alikuwa wa kwanza mtaani kujua. Aliamka kwa uvundo, akadhani kuna panya aliyekufa ukutani. Alitafuta kila kona, akainua magodoro, mpaka upepo ulipogeuka na akajua inatoka wapi. Maua yalipofunguka hasa, hapakuwa na mlango wala tambara la maji puani la kuyazuia. Watu walisimama barabarani wakivuta pumzi na kusema Mungu fundi. Yeye alikuwa amejikunja bafuni, shuka limezungushwa kichwani.

"Niukate," alisema Fundi kupitia mlango. "Sema tu, naazima msumeno sasa hivi."

"Ukate ili iweje?" alisema. "Nao una kosa gani? Na wewe je, nikukate?"

Akafungasha, akaenda kwa dada yake mkubwa, mjane aliyekaa mbali, upande wa nyanda kavu ambako hakuna msitu wala mti unaozidi kimo cha mtu. Alisema anakwenda kupisha maua. Maua yakaisha, hakurudi. Kule alipewa chumba chenye dirisha lisilofunguka, na dada yake alizoea kumpikia mapema na kuacha sahani ipoe. Kwa mchana alikaa akichambua maharagwe. Watu wa huko hawakumwita Mama Pua, walimwita mdogo wake bibi fulani, au hawakumwita kabisa.

Fundi huja kumwona. Husafiri kutwa, na akifika huoga kwanza kisimani, huvaa shati ambalo halijapigwa pasi, kisha hukaa upande wa pili wa ua, upepo usikotokea. Dada mtu humpelekea chai huko huko.

"Kitinda hajambo?" huuliza Mama Pua.

"Hajambo. Anakusalimu. Amepata mchumba."

"Mtu mzuri?"

"Ana maneno mengi. Watasaidiana."

Wanacheka kidogo, kila mmoja mahali pake. Mara ya mwisho alimuuliza kama mti umezaa, na Fundi akasema umezaa sana mwaka huu, matawi yameinama, wanashindwa wayafanye nini. Alikuwa ameleta tunda moja mfukoni, lakini alipotazama ule umbali kati yao hakulitoa. Walizungumza habari za paa linalovuja na bei zilivyopanda, mpaka kivuli kikaufunika ua. Kisha Fundi akasimama, akakung'uta suruali, akamuaga kutoka pale pale.

"Haya, mke wangu."

"Haya, Fundi. Wasalimie."